UZI: Kuchagua na kutunza plagini kwenye studio ya nyumbani. Wadau wa Arusha na Moshi tukutane hapa

#1 Fundi_Sakina

Wakuu, habari za leo. Kwenye magrupu yetu ya maprodyuza kila wiki swali ni lile lile kuhusu plagini, yaani programu ndogo zinazoingia ndani ya programu ya muziki: "Nani ana plagini kali ya vokali?" Mtu anatumiwa viungo ishirini, anapakua vyote kwa bando la usiku, na mwezi haujaisha FL (FL Studio, programu ya kutengenezea muziki) inachukua dakika nne kufunguka na mradi wa mteja umegoma. Naomba tulipange hili jambo hapa ili mtu akiuliza tumpe uzi huu.

Msimamo wangu ni huu: plagini inatunzwa. Kila moja unayosakinisha itakudai nafasi kwenye diski, leseni, masasisho, na kuna siku itakudai maelezo kwa nini wimbo wa mwaka juzi haufunguki. Kwa hiyo anza na kazi unazofanya, majina yaje baadaye. Kazi ni hizi: EQ moja (ya kupandisha na kushusha besi, kati na juu), kompresa mbili (za kusawazisha sauti kubwa na ndogo), ya kupunguza makali ya "s", riverbu (mwangwi wa ukumbi), dilei (mwangwi wa kujirudia), ya kuongeza joto la sauti, limita (ya kuzuia kilele kisivuke), mita ya kupimia, ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, sintesaiza mbili (za kuunda sauti za ala), na moja ya kuchezea sampuli (sauti zilizorekodiwa tayari). Hesabu yake haifiki kumi na tano.

Sasa angalia ulichonacho tayari. FL inakuja na Fruity Parametric EQ 2, Fruity Limiter ambayo pia ni kompresa ukibonyeza "COMP", Reeverb 2 na Delay 3. Reaper, programu nyingine ya muziki, inakuja na ReaEQ, ReaComp, ReaDelay, ReaTune, ReaGate. Mapengo yaliyobaki yanazibika bila kulipa: TDR Nova kwa EQ inayojibana yenyewe, TDR Kotelnikov kwa kompresa, Dragonfly Reverb kwa vyumba na kumbi, MAutoPitch au Graillon kwa kunyoosha sauti, LoudMax kwa limita, Voxengo SPAN na Youlean Loudness Meter kwa kupimia, Vital na Surge XT kwa sintesaiza, Decent Sampler kwa ala za sampuli. Zote zina toleo la bure lililotolewa na wenyewe, hakuna aliyelivunja.

Fomati, yaani aina za mafaili ya plagini, nazo zinachanganya watu. Kwenye Windows, VST2 ni faili la .dll, VST3 ni .vst3, CLAP ni .clap. Kampuni ya Steinberg walitoa VST mwaka 1996, VST3 ikafuata 2008, na 2018 wakaacha kutoa vifaa vya kuundia VST2 kwa watengenezaji wapya. CLAP ni ya 2022, imetoka kwa kampuni za u-he na Bitwig. Kisakinishi kikikuuliza, weka tiki kwenye VST3 ya biti 64 tu. AAX ni ya Pro Tools, iondoe. Biti 32 iondoe. Faida ya VST3 ni kwamba ina nyumba moja inayojulikana: C:\Program Files\Common Files\VST3. VST2 haikuwahi kuwa na nyumba moja, ndiyo maana kompyuta nyingi zina folda nne za VST2 na plagini ile ile mara tatu. Kama una VST2, zote ziende C:\Program Files\VSTPlugins, na kwenye FL ondoa njia nyingine zote pale "Options", "Manage plugins", sehemu ya "Plugin search paths".

Karibuni.


#2 Ngarenaro_Biti

Fundi shikamoo. Umegusa penyewe. Yangu sasa: FL ikifika kwenye kuskani plagini inaganda, haisemi kitu, hadi naifunga kwa Task Manager. Nina plagini kama 60. Nifute zote nianze upya?


#3 KiboSauti

Usifute, chalii yangu. Ukifuta mafaili kwa mkono leseni zinabaki zimefungwa kwenye mashine na Windows inabaki ikidhani plagini ipo. Tafuta yenye kosa kwa kugawa nusu kwa nusu.

Tengeneza folda nje kabisa ya VST3, mfano D:\Karantini. Isiwe ndani ya VST3, kwa sababu folda za ndani nazo zinaskaniwa. Hamisha nusu ya plagini kwenda karantini, skani. Ikiganda, mkosaji yuko kwenye nusu iliyobaki. Isipoganda, yuko karantini. Igawe tena ile nusu yenye tatizo. Kwa plagini 60 utafika kwa mkosaji ndani ya raundi sita: 30, 15, 8, 4, 2, 1. Angalia pia kwamba baadhi ya VST3 kwenye Windows ni folda yenye jina linaloishia .vst3, si faili moja. Ihamishe nzima, usiingie ndani ukachomoa kipande.

Ukishampata, sababu mara nyingi ni mojawapo ya hizi:

Visual C++ Redistributable haipo au ni ya zamani. Plagini inatafuta maktaba ya Microsoft, haiipati, inakufa kimya. Sakinisha ya x64 kutoka tovuti ya Microsoft, washa upya.

Dirisha la leseni limefunguka nyuma ya dirisha la FL. Kompyuta haijaganda, inasubiri ujibu. Bonyeza Alt+Tab utaliona.

Diski ya nje imebadilisha herufi. Jana sampuli zilikuwa E:, leo umechomeka flash kwanza, diski ikawa F:, na plagini inazitafuta E: bila kuzipata. Nenda "Disk Management", bonyeza kulia kwenye diski, "Change Drive Letter and Paths", ipe herufi ya mbali kama S:. Flash haitaigombania tena.

Antivirusi imeichukua faili na kuiweka kizuizini, kimebaki kipande.

Ukimaliza kurekebisha, rudi "Manage plugins", weka tiki "Verify plugins", kisha "Find installed plugins". Hiyo ya kuhakiki inachukua muda mrefu zaidi lakini inakutajia yenye kosa.

Kwa wa Reaper: "Options", "Preferences", "Plug-ins", "VST", pale kwenye kitufe cha kuskani upya chagua kufuta kumbukumbu ya zamani na kuskani zote. Na kama mradi wenyewe unaanguka kila ukiufungua, pitia "File", "Open project", kabla ya kubonyeza "Open" weka tiki kwenye "Open with FX offline". Mradi utafunguka plagini zote zikiwa zimelala, unaziamsha moja moja hadi umpate mkorofi.


#4 Njiro_Miksi

Mangi umemaliza kwa upande wa kuskani. Kwenye bandiko la kwanza nina nyongeza, maana mtu akilifuata harakaharaka ataumia. Fundi kasema VST3 tu. Kwa mradi mpya ni sawa. Lakini kwa programu nyingi VST2 na VST3 ya plagini moja ni vitu viwili tofauti. Mradi uliotengenezwa kwa .dll unaitafuta .dll. Ukiondoa VST2 leo, wimbo wa mwaka jana unafunguka na shimo pale palipokuwa na sintesaiza, hata kama VST3 yake ipo. Kuna watengenezaji waliounganisha hizo mbili zikabadilishana zenyewe, ila usiwategemee wote.

Kwa hiyo VST2 inaondoka baada ya miradi ya zamani kutolewa kuwa WAV (faili la sauti tupu). Na mradi ukifunguka na plagini pungufu, usibonyeze Ctrl+S juu ya faili lile lile. Hifadhi kwa jina jipya, faili la asili libaki kama lilivyo hadi plagini irudi.


#5 Fundi_Sakina

Kweli kabisa Njiro, nilipita haraka hapo. Wasomaji mfuate maelezo ya #4.


#6 Pasua808

Wakuu wa Moshi na Chuga. Natengeneza singeli, 220 BPM (mapigo kwa dakika) kwenda juu. Sauti inakwaruza nikiweka sintesaiza ya tatu, lakini Task Manager inasema prosesa iko 35% tu. RAM 8 GB. Kuna mtu kaniambia ninunue kompyuta mpya.


#7 Njiro_Miksi

Subiri kununua, kaka. Ile 35% ni wastani wa koa zote (injini ndogo zilizo ndani ya prosesa). Sauti haitembei kwa wastani. Plagini zilizopangwa kwenye traki moja zinasubiriana: ya pili haianzi kabla ya ya kwanza kumaliza, kwa hiyo mnyororo mzima wa traki moja unabebwa na koa moja. Na masta, traki ya mwisho ya kutokea, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kila traki inapita pale. Ukiweka plagini saba nzito kwenye masta, koa moja inafika mwisho huku nyingine zimekaa, na Task Manager inakuonyesha 35%.

Angalia mambo haya kwa mpangilio huu.

Draiva kwanza. Kama una saundi kadi ya USB, tumia ASIO (draiva ya sauti isiyochelewesha) ya mtengenezaji wake. FL Studio ASIO na ASIO4ALL ni za kujisaidia ukiwa huna saundi kadi.

Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kabla ya kukipiga. Gawa idadi ya sampuli zake kwa kasi ya sampuli kwa sekunde utapata muda wa kuchelewa. Kwenye 44,100: sampuli 128 ni milisekunde 2.9, 256 ni 5.8, 512 ni 11.6, 1024 ni 23.2, 2048 ni 46.4. Huo ni upande mmoja. Mwimbaji anayejisikia kupitia kompyuta anaipata mara mbili yake, ukiongeza na ya saundi kadi yenyewe. Kwa hiyo ukirekodi tumia 128 au 256, ukimiksi panda 1024 au 2048. Wewe unachora noti kwa mausi, singeli yako yote inaweza kujengwa kwenye 1024 bila hasara yoyote.

Kisha "oversampling", yaani plagini kuhesabu sauti kwa kasi kubwa zaidi. Plagini nyingi za kuongeza joto na limita zina kitufe cha 2x, 4x, 8x. Ukiweka 4x unairudishia plagini kazi karibu mara nne. Iache imezimwa unapotengeneza, iwashe unapotoa faili la mwisho. Zilizo nyingi zina chaguo la kuifanya hivyo zenyewe.

Idadi ya sauti kwenye sintesaiza. Vital ikiwa na "unison" (nakala za wimbi moja) 8 kwenye osileta (vyanzo vya mawimbi) tatu, kila noti moja ni mawimbi 24. Ukipiga kodi ya noti nne ni 96. Na singeli ya 220 BPM noti ya kumi na sita inadumu milisekunde 68, mkia wa noti ya kwanza haujaisha ya tano imeshaingia. Fupisha "release" (mkia wa noti), shusha "unison" hadi 3 au 4, weka kikomo cha sauti kuwa 8. Kwa mwendo ule hakuna atakayesikia tofauti, na mdundo utakuwa msafi zaidi.

FL ina "Smart disable": "Tools", "Macros", "Switch smart disable for all plugins". Plagini isiyopokea sauti inalala. Dilei ikianza kukata mkia baada ya hapo, izimie hiyo moja tu.

Na plagini moja ikikwaruza peke yake hata mradi ukiwa mtupu, fungua kigia kilicho kwenye kona ya dirisha lake, tafuta "Use fixed size buffers", washa. FL inatuma vipande vya sauti vyenye ukubwa unaobadilika na kuna plagini hazivipendi.


#8 KiboSauti

Naongezea la umeme, huku kwetu lina uzito. Umeme ukikatika laptopu inahamia betri na Windows inashusha kasi ya prosesa. Mradi uliokuwa unapiga vizuri unaanza kukwaruza papo hapo, na mtu anailaumu plagini. Weka mpango wa umeme kwenye "High performance" kwa betri na kwa waya, na kwenye mipangilio yake ya ndani zima "USB selective suspend". Ukwaruzaji ukiendelea hata mradi ukiwa mdogo, pakua LatencyMon, iache ipime dakika kumi. Ikitaja draiva ya waifai, zima waifai ukiwa unarekodi.


#9 MamaKwaya_Majengo

Habari zenu wanangu. Sisi tunarekodi kwaya kanisani, maiki nane: soprano mbili, alto mbili, tenor mbili, besi mbili. Kijana anayemiksi anaweka riverbu kwenye kila traki, kompyuta inalemewa na sauti inakuwa ya kisimani. Tufanyeje?


#10 Fundi_Sakina

Shikamoo mama. Riverbu nane ni kumbi nane tofauti, na kwaya imesimama kwenye ukumbi mmoja. Weka moja tu, traki zote ziipitie.

Kwenye FL chagua traki ya mikisa isiyotumika, tuseme namba 20, iite UKUMBI, weka Dragonfly Hall Reverb. Sauti kavu isipite kabisa hapo: kwenye Dragonfly shusha "Dry Level" hadi 0% na mkia ubaki. Kisha bonyeza traki ya soprano 1, na chini ya traki namba 20 bonyeza kimshale kidogo. Kitatokea kitufe cha kuzungusha. Hicho ndicho kiasi cha soprano kinachokwenda ukumbini. Rudia kwa traki zote nane. Usichague "Route to this track only", hiyo inaikata traki kwenye masta na mtabaki na ukumbi bila kwaya.

Vipimo vya kuanzia: mkia sekunde 1.8 hadi 2.2, "predelay" (kuchelewa kwa mkia kuanza) milisekunde 25 ili maneno yatangulie ukumbi, kata chini ya 200 Hz na juu ya 8 kHz kwenye riverbu yenyewe. Ile sauti ya kisima inatoka kwenye 200 hadi 500 Hz zilizorundikana mara nane.

Halafu EQ kwa kila sauti kabla ya riverbu. Soprano mara chache inashuka chini ya do ya katikati ambayo ni 262 Hz, kwa hiyo ukikata kila kitu chini ya 150 hupotezi wimbo, unapoteza ngurumo za viatu na spika tu. Besi inaweza kufika mi ya chini kwenye 82 Hz, hiyo ikate chini ya 65. Mkiikata besi kwenye 150 kama ya soprano, kwaya nzima inapwaya na hamtajua kwa nini.

Kompresa iwe moja kwenye kundi zima: uwiano 2 kwa 1, "attack" (muda wa kuanza kubana) milisekunde 30, "release" (muda wa kuachia) 150 hadi 200, ipunguze desibeli 2 au 3 kwenye kilele. Ikipunguza 8 mtasikia ukumbi ukipumua kila waimbaji wakinyamaza.


#11 MamaKwaya_Majengo

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Na kelele ya mvua kwenye bati? Masika hii imetutesa.


#12 KiboSauti

Mama, hapo plagini ina kikomo. ReaFIR iliyo kwenye ReaPlugs ni ya bure kwa Windows na inaingia hata FL. Weka hali ya "Subtract", washa "Automatically build noise profile", piga sekunde mbili zenye kelele peke yake bila mtu kuimba, zima hiyo tiki, kisha piga wimbo. Kwa feni, friji au mvumo wa umeme inafanya kazi nzuri kwa sababu kelele hizo hazibadiliki. Mvua inabadilika kila sekunde: ukiibana sana waimbaji wanasikika kama wako ndani ya maji. Ishushe desibeli 6 tu, usijaribu kuimaliza, na ikiwezekana rekodini ikiwa imekatika.

Mvumo wa umeme wetu ni 50 Hz na ndugu zake 100 na 150. Kwa huo TDR Nova inatosha, bendi tatu nyembamba.

Angalizo: ReaFIR yenye FFT (kipande inachochambua kwa mara moja) ya sampuli 4096 inachelewesha sauti milisekunde 93 kwenye 44,100. Kwenye kumiksi programu inafidia yenyewe. Ukiiacha imewashwa wakati wa kurekodi, mwimbaji atajisikia nyuma ya mdundo.


#13 Ngarenaro_Biti

Swali la pesa. Kuna EQ ya kulipia kila mtu YouTube anaisifia. Nitajuaje kama inaizidi ya bure kabla sijatoa hela?


#14 Njiro_Miksi

Kwa kipimo cha kufutana. Hiki nakisisitiza kwa sababu kinaokoa hela za watu.

Pakua toleo la majaribio. Chukua WAV ya vokali ya sekunde 30, iweke kwenye traki mbili, A na B, kiasi sawa kabisa. A weka EQ ya bure, B weka ya kulipia. Zote zipandishe desibeli 3 kwenye 3 kHz. Kwenye B geuza polariti, yaani wimbi lipinduliwe juu chini: Reaper ni kile kitufe cha Ø, FL kiko kwenye mikisa ya traki husika. Piga zote pamoja. Kama zingekuwa sawa kabisa ungesikia kimya. Kwa kawaida utasikia mabaki kidogo, kwa sababu kila mtengenezaji anahesabu upana wa bendi kwa njia yake. Zungusha Q (huo upana) ya A taratibu, na gain (kiasi cha kupandisha) kwa vipande vya 0.1, ukiangalia SPAN kwenye masta. Mabaki yakishuka chini ya −80 dBFS (desibeli kutoka kilele cha kidijitali ambacho ni 0), EQ hizo mbili kwa sikio la binadamu ni moja. Unacholipia hapo ni muonekano na urahisi wa kutumia. Ni haki yako kuulipia, lakini ujue ndicho unachonunua.

Kwa EQ za kawaida za kidijitali mara nyingi mabaki yanashuka hadi huko. Kwa kompresa hayashuki vizuri, kwa riverbu zenye mtikisiko kipimo hakifai kabisa. Kwa hizo tumia kulinganisha kwa kiasi sawa: weka Youlean mwishoni, pima LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoisikia) plagini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, rekebisha kitufe cha kutokea hadi tofauti ipungue chini ya 0.2. Zima "auto gain" ya kompresa kwanza. Plagini nyingi zikiwashwa zinapandisha sauti desibeli 2 au 3, na sikio linaipenda iliyo juu hata kama imeharibu kitu. Ukishazilinganisha, funga macho, mwenzako awashe na kuzima bila kukwambia. Ukikosea mara nyingi, tunza hela yako.

Zilizoundwa kuiga mashine za zamani zina jambo lake: nyingi zinategemea wastani wa −18 dBFS uwe ndio sifuri ya sindano ya mita ya mashine hizo. Ukiziingizia vokali iliyorekodiwa karibu na sifuri zitakwaruza na utasema mbaya. Shusha sauti kabla ya plagini, ndipo uihukumu.


#15 Pasua808

Na zile zilizovunjwa? Nauliza kwa sababu huku mtaani flash moja ina plagini 400.


#16 KiboSauti

Kaka, achana nazo. Niziseme sababu za kazi tu, zile za haki ya mtengenezaji unazijua. Kisakinishi chake kinakuambia zima antivirusi. Kuanzia hapo hujui kilichoingia kwenye kompyuta yenye namba za siri za pesa zako. Haipokei masasisho, kwa hiyo Windows ikibadilika inakufa na mradi wako unakufa nayo. Na mteja akitaka mradi uhamie studio nyingine, huna cha kumpa. Vital, Surge XT na Dexed peke yake zina sauti kuliko utakazomaliza mwaka huu.

Kwa anayetaka kulipia, asome mambo manne kabla: leseni ni ya kudumu au ya kila mwezi, inaruhusu mashine ngapi, masasisho ya toleo kubwa yanalipiwa au la, na inahitaji intaneti mara ngapi. Hilo la mwisho watu wanalipuuza. iLok, mfumo wa leseni unaotumiwa na watengenezaji wengi, ina njia tatu: kifaa cha USB, mashine yenyewe, na ya kwenye wingu. Ya wingu inataka intaneti muda wote ukiwa umefungua kazi, bando likiisha katikati plagini zinafungwa. Si kila plagini inaruhusu njia zote tatu, angalia kwenye ukurasa wake. Waves, watengenezaji wa plagini, wanakuruhusu kuweka leseni kwenye flash ya kawaida, inafaa kwa anayehama kati ya kompyuta mbili. Hao hao Machi 2023 walitangaza kuuza kwa usajili tu, na ndani ya siku chache wateja walivyolalamika wakarudisha leseni za kudumu. Sera hubadilika, kwa hiyo kisakinishi cha toleo ulilonunua kihifadhi.

Reaper inakupa siku 60 za majaribio na leseni ya punguzo ni dola 60. Malipo kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu yanakubali sehemu nyingi. Weka hela inayotosha ununuzi huo tu.

Na kabla ya kufomati kompyuta, ingia kila akaunti uondoe mashine. Ukifomati kwanza, ile nafasi inahesabika kama bado inatumika na utaanza kuandikiana barua pepe na msaada kwa wateja.


#17 Njiro_Miksi

Kitu kimoja cha lugha yetu ambacho priseti (mipangilio iliyowekwa tayari) za nje hazikijui. Plagini za kupunguza makali zinakuja zimelenga "s", ambayo nguvu yake iko kati ya 5 na 9 kHz. Kiswahili kina "sh" na "ch" kibao: nashukuru, shida, chozi, nimechoka. Nguvu ya "sh" iko chini zaidi, 2.5 hadi 5 kHz. Ukiweka bendi moja 7 kHz, "s" inatulia na "sh" inabaki ikichoma. Ukiishusha bendi hiyo hiyo hadi 4 kHz, unakula uwazi wa sauti nzima.

TDR Nova ina bendi nne, tumia mbili. Ya kwanza 7 kHz, Q 2, uwiano 3 kwa 1, kizingiti kishuke hadi ipunguze desibeli 4 kwenye "s" tu. Ya pili 3.8 kHz, Q 3, uwiano 2 kwa 1, isizidi desibeli 2 kwenye "sh". Zungusha mstari mmoja wenye neno "nashukuru sana", lina zote mbili. Bendi ya 3.8 ikisogea kwenye irabu "a" au "i", kizingiti chako kiko chini mno.

Iweke kabla ya kompresa ya kuangaza au EQ ya kupandisha juu, isije baada yake.


#18 Dada_Rau

Niko kwenye MacBook ya M1, Logic. Plagini imesakinishwa lakini haionekani.


#19 Njiro_Miksi

Dada, Logic inasoma AU (fomati ya Apple) tu, VST3 haiioni. Angalia /Library/Audio/Plug-Ins/Components kama kuna faili la .component. Kama lipo, fungua "Plug-in Manager" ndani ya Logic, ichague, "Reset & Rescan Selection". Kama macOS imeizuia, nenda "System Settings", "Privacy & Security", utaona "Open Anyway". Ikishindikana, washa upya Mac ndipo uskani tena. Na usisasishe macOS siku ileile toleo jipya limetoka. Subiri watengenezaji wa plagini zako watangaze kuwa ziko tayari.


#20 Fundi_Sakina

Bado kutunza. Tengeneza jedwali kwenye Excel au hata daftari: jina, toleo, fomati, leseni iko wapi, barua pepe iliyosajiliwa, na tarehe uliyoitumia mara ya mwisho. Kila miezi mitatu pitia. Isiyoguswa kwa miezi sita na haimo kwenye mradi unaoendelea, iondoe kupitia "Settings", "Apps", usifute .vst3 kwa mkono. Visakinishi viweke kwenye diski ya nje, folda moja kwa kila plagini, jina likiwa na toleo, mfano Nova_toleo_tarehe. Kesho hutatumia bando tena.

Kwenye FL, zile chache unazotumia kila siku ziwekee nyota kwenye "Manage plugins", zitatokea ukibonyeza kuongeza chaneli na nyingine hazitakusumbua.

Mradi ukiisha, usidhani "Zipped loop package" imebeba kila kitu. Inabeba mradi na sampuli, plagini haibebi. Kwa hiyo toa kila traki kama WAV ya biti 24, "File", "Export", "Wave file", weka tiki "Split mixer tracks", zote zianze bara ya kwanza, yaani mwanzo kabisa wa mradi. Toa mara mbili: moja na efekti, moja kavu. Hifadhi na MIDI (noti zenyewe). Andika faili la maandishi lenye BPM, ufunguo wa wimbo, kasi ya sampuli na plagini zote na matoleo yake. Hapo hata plagini zote zife, wimbo uko hai.


#21 Ngarenaro_Biti

Wakuu, imekubali. Raundi ya tano nimempata: sintesaiza moja ya zamani, ilikuwa inatafuta sampuli kwenye E: na diski imekuwa G:. Nimeipa S:, nimeionyesha folda upya, FL inaskani zote bila kuganda. Je, mradi wa zamani uliohifadhiwa na njia ya E: utajirekebisha wenyewe?


#22 KiboSauti

Inategemea plagini inahifadhi wapi njia ya sampuli. Kama iko kwenye mipangilio yake yenyewe, ukishaionyesha S: mara moja miradi yote inaona. Kama inaandikwa ndani ya priseti, kama priseti nyingi za Kontakt (plagini ya kuchezea sampuli), kila mradi utakuuliza "Content Missing": mwonyeshe folda ya S:, kisha hifadhi mradi kwa jina jipya. Kwa maktaba nzima tumia "Batch re-save" ya Kontakt yenyewe, ila nakili folda kwanza kwa sababu inaandika juu ya mafaili. Na kama ni Kontakt Player (toleo lake la bure) na maktaba si ya Player, itazima baada ya dakika 15. Hilo la dakika 15 ni kikomo cha majaribio, herufi ya diski haihusiki, usianze kulitafuta kwenye "Disk Management".